Kidhibiti mwendo cha treni ya modeli kimegoma: anza na balbu, si na bisibisi

Kabla hujagusa skrubu hata moja, nenda duka la vipuri vya pikipiki ununue balbu mbili za volti 12. Moja iwe ya indiketa, wati 10. Nyingine iwe ya breki, wati 21. Zilehemu kila moja waya mbili, na ncha za waya uziwekee klipu zenye meno. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza kila ninapoletewa kidhibiti mwendo cha treni ndogo kinachosemekana kimekufa. Multimita nayo ninayo, na tutaitumia, lakini multimita haivuti umeme wa maana, ilhali treni inavuta. Kidhibiti kinaweza kuonyesha volti 14 kwenye mita, ukakisifu, halafu ukikipa kichwa cha treni cha kusukuma kikaanguka hadi volti 3. Balbu haidanganyiki hivyo. Ya wati 10 inavuta karibu ampia 0.8, mzigo unaolingana na kichwa kizito cha zamani kinachopanda mlima.

Ufundi wa redio nilijifunza Tanga, na treni za modeli nimezizoea huku Uingereza, ambako karibu kila mnada wa vitu vya mtumba una sanduku la reli na vichwa vya kipimo cha OO, reli zake zikiwa na upana wa milimita 16.5. Vidhibiti vilivyomo humo huuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenyewe amejaribu mara moja, treni ikakataa, akakata tamaa. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona vinaishia jalalani. Sehemu kubwa ya vile nilivyofungua vilikuwa na waya uliokatika, swichi chafu au daiodi moja (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyoungua. Na vingine havikuwa na ubovu wowote.

Mwongozo huu ni wa mfumo wa kawaida wa umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja, wa volti 12: ukigeuza nobu volti zinapanda na treni inakimbia, ukigeuza swichi inarudi nyuma. Hauhusu mfumo wa dijitali, ambao reli zake hubeba umeme wakati wote na amri hutumwa kwa kila kichwa peke yake.

Soma kibandiko kwanza

Geuza kidhibiti, usome maandishi ya nyuma au ya chini, na pia ya adapta kama inayo. Unatafuta mambo mawili.

La kwanza ni volti zinazoingia. Kikiandikwa 220, 230 au 240, kinafaa Uingereza, Tanzania, Kenya na Uganda, na plagi ya Uingereza ya miguu mitatu ya mraba huingia kwenye soketi zetu nyingi bila shida. Kikiandikwa 120V 60Hz, kimetengenezwa kwa ajili ya Marekani. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Mpwa wangu wa Mombasa aliletewa seti nzima ndani ya boksi lililotumwa na jamaa wa huko, akanunua adapta ya plagi dukani, akachomeka. Adapta ya plagi inabadilisha umbo la miguu tu, volti zinabaki zilezile 240. Transfoma ilinguruma, ikatoa joto, na baada ya muda mfupi ikanyamaza kabisa. Fyuzi ya joto iliyofukiwa ndani ya nyaya za transfoma ilikuwa imekatika, na hiyo haibadilishwi kirahisi. Ukiwa na seti ya Marekani, tumia transfoma ya kushusha volti, ile nzito yenye chuma ndani, si kile kigeuzi chepesi cha kielektroniki kinachouzwa kwa ajili ya mashine za kukausha nywele. Hata hivyo transfoma ya 60Hz kwenye umeme wetu wa 50Hz hupata joto zaidi kidogo, kwa hiyo usiiache ikifanya kazi mchana kutwa.

La pili ni alama ya umeme unaotoka au unaotarajiwa kutoka kwenye adapta. Kiwimbi kama hiki ~ ni AC, umeme unaogeuka huku na huku kama wa ukutani. Mstari mnyoofu wenye vidoti au vistari chini yake ni DC. Kuna vidhibiti vinavyotaka adapta ya AC ya volti 16 na vingine vinavyotaka ya DC, na tundu la kuchomekea likawa na umbo lilelile. Adapta ikipotea na kubadilishwa na yoyote iliyokuwa kwenye droo, kidhibiti kinaonekana kibovu ilhali kimekosewa chakula tu. Na kama transfoma yako ni ya treni za Märklin za zamani, jua kwamba zile zinatumia AC ya volti 16 kwenye reli, na zinageuza mwelekeo kwa mpigo wa volti 24. Ukiiunganisha na kichwa cha DC, kichwa kitatetemeka na kupata joto bila kwenda popote. Hapo hakuna cha kutengeneza. Ziachanishe tu.

Hatua ya 1: Ondoa reli kabisa

Chomoa nyaya zote mbili zinazokwenda kwenye reli. Usiseme, "nitaondoa kichwa tu, reli zibaki". Shoti inaweza kuwa kwenye reli zenyewe: msumari ulioanguka, pointi (reli ya kubadilishia njia) iliyounganishwa vibaya, au njia iliyozunguka ikajirudia yenyewe, ambapo reli ya kulia inakutana na ya kushoto. Inaweza pia kuwa kwenye kile kipande cha reli cha kupokelea umeme, ambacho mara nyingi huwa na kapasita ndogo ya kuzuia kelele za redio. Kapasita hiyo ikifa kwa shoti, kila kidhibiti utakachoweka kitazima, na utavilaumu vyote.

Sasa funga balbu ya wati 10 kwenye skrubu za kutolea umeme. Nobu ianze sifuri, uipandishe polepole. Upole huo una sababu: uzi wa balbu ukiwa baridi unavuta umeme mara kadhaa kuliko ukishawaka, na kidhibiti chenye ulinzi wa kielektroniki kinaweza kukata ukikiwasha ghafla kikiwa nusu ya nobu. Nenda mpaka mwisho, rudi sifuri, geuza swichi ya mbele na nyuma, rudia. Kisha kiache juu dakika 10 ukikiangalia. Kama kimeandikwa kinatoa chini ya ampia 0.8, tumia balbu ya wati 5 badala yake.

Balbu ikipanda kutoka giza hadi mwanga kamili bila kuruka, pande zote mbili, na ikadumu dakika zote 10, kidhibiti chako ni kizima. Kifunike. Ubovu uko kwenye reli au kwenye kichwa. Safisha reli kwa kitambaa chenye spiriti safi ya kusafishia, ile ya isopropili, na usitumie kabisa steelwool ya jikoni. Nyuzi zake za chuma huvutwa na sumaku ya mota na kuiharibu. Kisha angalia magurudumu ya kichwa na brashi za kaboni.

Kuna hali mbili ambazo zinamfanya mtu adhani kidhibiti ni kibovu, kumbe si hivyo, na balbu itakuwa imeshakuthibitishia. Moja ni kichwa chenye chipu ya dijitali ndani. Kwenye umeme wa DC chipu hiyo haiamki mpaka ipate volti kama 5 au 6, kwa hiyo treni husimama kimya hadi karibu nusu ya nobu ndipo iruke. Ya pili ni ya kidhibiti cha kizamani kinachopunguza mwendo kwa waya wa ukinzani uliozungushwa, kikitumiwa na kichwa cha kisasa. Hesabu yake ni rahisi. Ukinzani wa omu 30 ukipitisha ampia 0.2 za mota ya kisasa unakula volti 6 tu (30 × 0.2), na volti 6 nyingine zinabaki kwa treni, ambazo zinatosha kuikimbiza. Mota ya zamani ilikuwa inavuta umeme mwingi zaidi, kwa hiyo ukinzani uleule uliweza kuisimamisha. Dawa yake imo mkononi mwako: funga balbu ya wati 5 sambamba na reli, yaani kwenye skrubu zilezile za kutolea umeme. Balbu itavuta umeme wa ziada, volti zitashuka, na treni itaondoka taratibu. Nimewafanyia hivi watu kadhaa waliokuwa tayari wananunua kidhibiti kipya.

Hatua ya 2: Balbu imesema nini?

Kama balbu haikufanya kazi inavyotakiwa, andika ulichokiona kabla ya kufungua chochote. Dalili tano zinatosha kukupeleka karibu na ubovu:

- Giza kabisa.
- Mwanga kamili hata nobu ikiwa sifuri.
- Mwanga hafifu, haupiti nusu.
- Inawaka upande mmoja wa swichi tu, au inakatikakatika nobu inapozunguka.
- Inawaka vizuri kisha inazima baada ya dakika chache.

Kama kidhibiti kina nobu mbili za njia mbili, una bahati. Upande mzima ni ramani ya upande mbovu. Kila kipimo utakachochukua upande mmoja, kichukue na upande wa pili, na palipotofautiana ndipo pa kuchimba.

Hatua ya 3: Kukifungua bila kujiumiza

Chomoa plagi ukutani. Si kuzima swichi ya soketi. Chomoa, uiweke plagi mezani mbele ya macho yako ili mtu mwingine nyumbani asiichomeke. Kama kidhibiti kinalishwa na adapta ya ukutani, ndani yake hakuna umeme mkubwa, na adapta yenyewe usiifungue, kwani imegandishwa kiwandani na haikukusudiwa kufunguliwa. Kama transfoma imo ndani ya kidhibiti, zile nyaya zinazoingia ni volti 230 kamili. Vipimo vyote vya upande huo utavifanya plagi ikiwa imechomolewa. Nyaya za ile multimita ya njano ya bei nafuu ni nyembamba mno kwa umeme wa ukutani. Mimi siziamini huko. Kama hujazoea umeme wa nyumba, upande huo mwachie fundi, wewe baki upande wa volti 16.

Kwenye vidhibiti vya zamani vya boksi la bati, angalia waya wa kuingilia. Mpira wake hukauka na kupasuka, na rangi zake ni za zamani za Uingereza: nyekundu ndiyo yenye umeme, nyeusi ni nyutro, kijani ni ya ardhini. Waya ukiwa umepasuka, badilisha wote, usifunge tepu. Siku hizi rangi ni kahawia, bluu, na kijani yenye mstari wa njano. Waya wa ardhini lazima ushike boksi la bati barabara. Ndani ya plagi ya Uingereza weka fyuzi ya ampia 3, yenye maandishi mekundu; ile ya kahawia ya ampia 13 ni kubwa mno kwa waya mwembamba wa kidhibiti.

Balbu ni giza kabisa

Fuata umeme kama unavyofuata maji kwenye bomba: plagi, transfoma, rektifaya (inayogeuza AC kuwa DC), sehemu ya kupunguza mwendo, swichi ya mbele na nyuma, breka ndogo ya usalama, skrubu za kutolea. Usianzie mwanzo wala mwisho. Anzia katikati, kwenye nyaya za transfoma zinazoingia rektifaya, kwa sababu kipimo kimoja hapo kinakupunguzia nusu ya kazi.

Transfoma ikiwa ndani, kabla ya kuchomeka chochote pima ukinzani kati ya miguu miwili ya umeme ya plagi, swichi ya kidhibiti ikiwa imewashwa. Transfoma ndogo nzima husoma kuanzia makumi ya omu hadi mamia kadhaa. Mita isiposoma kitu, umeme haufiki kwenye transfoma au transfoma imekatika ndani. Jaribu fyuzi, kisha swichi, kisha waya wenyewe. Waya hukatika zaidi mahali pale unapoingia kwenye boksi, ndani ya ngozi yake, ambapo huwezi kuona. Ushike hapo na kuupindapinda huku mita ikiwa imeunganishwa. Namba ikirukaruka, umempata mwizi. Kata sentimita 10 za mwisho, uunganishe upya.

Plagi na fyuzi zikiwa salama na transfoma bado haisomi kitu, hiyo ni transfoma iliyoungua. Kuisuka upya kunawezekana, ila kwa kidhibiti cha treni gharama haifai. Boksi, nobu na swichi bado ni vizuri. Lilishe kwa adapta ya AC ya volti 16 yenye ampia za kutosha, iunganishwe pale zilipokuwa nyaya za pili za transfoma, zile zinazoingia rektifaya.

Kama transfoma inasoma, na kama umeridhika kwamba sehemu za umeme mkubwa zimefunikwa vizuri, chomeka na upime volti za AC upande wa pili. Utarajie kama 16. Zikiwepo, hamia baada ya rektifaya, upime DC. Umeme usiolainishwa kwa kapasita kubwa husoma kama 13 hapo. Uliposoma mara ya mwisho na ulipokosa, katikati yake ndipo palipokatika. Mara nyingi ni lehemu iliyopasuka kuizunguka miguu ya kitu kizito. Iyeyushe upya kwa risasi mpya.

Mwanga kamili hata nobu ikiwa sifuri

Huu ndio ubovu ulionifundisha zaidi. Kidhibiti changu cha kwanza cha mtumba kilirusha kichwa hadi sakafuni mara tu nilipokichomeka. Nilidhani ni mota ya kichwa, nikabadilisha brashi, nikapoteza majuma mawili. Ilikuwa transista.

Vidhibiti vya kisasa zaidi havipunguzi mwendo kwa waya wa ukinzani. Nobu ni potenshomita ndogo, kama volyumu ya redio, na inaamuru transista kubwa iliyofungwa kwenye bati la kupoozea. Transista ya nguvu ikifa, mara nyingi haifi kwa kukatika. Inafa kwa kushikana ndani, na umeme wote unapita bila kuulizwa.

Chomoa plagi, subiri dakika moja, tafuta transista hiyo. Weka mita kwenye mlio, gusa mguu wa kolekta na wa emita (ile miwili inayopitisha umeme wa treni), kisha badilisha ncha za mita. Ikilia pande zote mbili, imeshikana. Hata hivyo itoe ubaoni upime tena ikiwa peke yake, maana ubao unaweza kukudanganya. Nunua yenye namba ileile. Ukiifunga, kumbuka kwamba ulimi wa chuma wa transista nyingi umeungana na kolekta, kwa hiyo ile karatasi ya maika kati yake na bati lazima irudi mahali pake, pamoja na grisi kidogo ya kupitisha joto kila upande. Bila karatasi hiyo bati zima linakuwa na umeme, na ukigusisha boksi unaiua transista mpya siku hiyohiyo.

Transista ikiwa nzima, angalia potenshomita. Pima kati ya miguu yake miwili ya pembeni: isome namba isiyobadilika unapozungusha nobu. Kisha pima wa katikati na wa pembeni: ipande kwa utulivu bila kuruka. Mguu wa upande wa sifuri ukiwa umekatika, kidhibiti kinapoteza rejeo lake na kupeleka volti zote. Hali ni hiyohiyo kwa vidhibiti vilivyojengwa kwa IC (chipu ya kudhibiti volti) ya LM317: waya wa potenshomita kwenda ardhini ukikatika, IC inatoa yote iliyonayo.

Usiishie kubadilisha transista. Jiulize imekufa kwa nini. Kwa kawaida ni shoti ya reli iliyodumu, na breka haikukata. Hapa balbu ya wati 21 inapata kazi: ifunge mfululizo kati ya kidhibiti na reli, kwenye waya mmoja tu. Treni ikitembea kawaida, balbu ni baridi na inakula sehemu ndogo tu ya volti. Kichwa kikitoka relini na kuleta shoti, balbu inawaka na kuzuia umeme usipite ampia 1.75. Unapata kinga na taa ya onyo kwa kifaa kimoja. Nyumbani kwangu ipo kwenye kila njia, hasa wajukuu wanapokuja.

Mwanga hafifu, treni inanguruma

Rektifaya ina daiodi nne zinazofanya kazi kwa zamu, mbili kila nusu ya wimbi. Daiodi moja ikikatika, nusu nzima ya wimbi inapotea. Mita iliyokuwa ikisoma 13 itasoma kama 6.5, balbu itafifia, na kichwa kitatoa mngurumo mzito wa 50Hz badala ya mlio laini. Ukisikia mngurumo huo na volti zimepungua karibu nusu kamili, usitafute mahali pengine.

Kuna mtego hapa ambao umewanasa mafundi wazuri. Ukipima daiodi zikiwa bado zimeunganishwa na transfoma, nyaya za transfoma, ambazo ukinzani wake ni mdogo sana, zinaziunganisha daiodi mbilimbili. Mita inapita kwenye ile nzima na kukuonyesha kwamba ile mbovu nayo ni nzima. Fungua kwanza waya mmoja wa transfoma kutoka rektifaya. Sasa pima kwa alama ya daiodi: nzima ya silikoni husoma kama 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na upande wa pili haisomi. Isiyosoma pande zote imekatika. Inayosoma sifuri pande zote imeshikana, na hiyo haileti mwanga hafifu, bali transfoma inayonguruma na kupata joto bila hata treni kuwepo.

Badilisha zote nne, au weka rektifaya moja ya miguu minne ya ampia 4 na volti 100 au zaidi. Bei ni ndogo mno kuacha tatu za zamani zikisubiri zamu yao.

Vidhibiti vingi vya miaka ya 1950 na 1960 havina daiodi za silikoni. Vina rektifaya ya seleniamu, rundo la sahani za bati zilizopakwa rangi na kupangwa kwenye bolti. Huchoka kwa umri, volti zikapungua mwaka hadi mwaka. Ikiungua inatoa harufu mbaya ya uozo, na moshi wake ni sumu. Zima, fungua madirisha, toka chumbani, watoto kwanza. Ukiiondoa na kuweka ya silikoni, kidhibiti kinapata uhai mpya, ila volti zitapanda kuliko zamani kwa sababu silikoni inakula kidogo. Pima kwa balbu. Zikizidi, ongeza daiodi mbili mfululizo kwenye waya wa kutokea, kabla ya swichi ya mbele na nyuma, zipunguze kama volti 1.4.

Upande mmoja tu, au kukatikakatika

Upande mmoja ukikataa, ni swichi. Ile ya kugeuza mwelekeo ina miguu sita, na waya mbili zinazopishana mithili ya X. Angalia kwanza lehemu za X hiyo, kisha nyunyizia dawa ya kusafishia swichi za redio ndani yake na kuipeleka huku na huku mara 20. Isipopona, badilisha.

Balbu ikikatikakatika nobu inapozunguka, ni potenshomita chafu. Dawa ileile inatosha. Kwenye waya wa ukinzani wa zamani, angalia njia ya kile kidole cha shaba kinachoteleza. Balbu ikifa daima kuanzia sehemu ileile ya nobu, waya umekatika hapo. Usijaribu kuulehemu, kwa sababu risasi haishiki kwenye waya wa aina hiyo, na joto lake lingeiyeyusha hata kama ingeshika. Tafuta kipuri.

Inazima baada ya dakika chache

Shika boksi. Kama ni la moto sana, breka inafanya kazi yake. Tafuta nani analeta joto. Kama ni la vuguvugu na kidhibiti kimeandikwa ampia 1, breka yenyewe imechoka. Zile za vipande viwili vya metali vinavyopinda kwa joto hulegea kwa miaka. Weka mpya ya ampia zilezile. Nimekuta mtu ameunganisha waya kuipita breka ili treni "isisumbue". Ukikuta waya kama huo, uondoe kabla ya jambo lingine lolote. Kuhakikisha breka ni nzima, funga balbu ya wati 21 kwenye kidhibiti cha ampia 1 na kuipandisha taratibu: kwa ampia 1.75 lazima ikate ndani ya muda mfupi. Ikiendelea kuwaka huku boksi likipata joto, hakuna ulinzi wowote humo ndani.

Hatua ya mwisho: Kabla ya kumrudishia mtoto

Funga boksi na skrubu zake zote. Plagi ikiwa imechomolewa, pima kati ya mguu wa ardhini wa plagi na bati la boksi: isome chini ya omu 1. Pima kati ya mguu wa umeme na bati: isisome kitu. Pima pia kati ya kila mguu wa umeme na skrubu za kutolea: isisome kitu vilevile. Kimoja kati ya hivi kikikataa, kidhibiti hakiendi kwenye reli, hata kama treni inakimbia vizuri.

Vikikubali vyote, funga tena balbu ya wati 10, nobu juu, uiache dakika 20, mkono wako juu ya boksi. Ukiweza kuuacha hapo bila kuuondoa kwa joto, chukua kichwa, kiweke relini, umwite mtoto aje azungushe nobu mwenyewe.